Siku Ambazo Kichwa Hakiumi

Mwombe mtu ambaye kichwa kinamwanga tangu adhuhuri akuonyeshe panapouma. Atapitisha kiganja kwenye paji la uso, au atashika panja zote mbili, au ataweka kidole juu ya nyusi. Sasa mbonyeze polepole kwa kidole gumba chini ya kisogo, pale fuvu linapokutana na shingo, kandokando ya uti wa mgongo. Si ajabu akashtuka na kukwambia kwamba maumivu yaleyale yamechomoza nyuma ya jicho, ilhali jicho hakuna aliyeligusa. Ulichogusa ni misuli midogo ya kisogo, ile inayokaza kila tunapotanguliza uso mbele na kuushikilia hapo kwa saa nyingi.

Sababu iko kwenye mishipa ya fahamu. Neva tatu za juu za shingo hupeleka habari zake kwenye kituo kimoja na neva kubwa inayohudumia paji la uso, macho na taya. Kituo hicho kiko sehemu ya juu kabisa ya uti, karibu na shina la ubongo, na kutoka hapo habari zote hupanda kwa njia moja. Ubongo haujui kila mara kilio kimetoka wapi. Shingo inalia, wewe unasikia jicho.

Sura hii imejengwa juu ya jambo hilo. Yoga inayomfaa mwenye kuumwa kichwa hufanya kazi shingoni, mabegani, kwenye taya na kwenye pumzi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa siku ambazo kichwa hakiumi. Anayengoja maumivu yaanze ndipo atandike mkeka atapata nafuu kidogo, na pengine asipate kabisa. Anayetandika mkeka siku njema ndiye atakayeona siku mbaya zikipungua.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5. Kikikaa sawasawa juu ya kifua, mifupa ya shingo ndiyo inayobeba na misuli inasaidia tu. Kikiinama, mzigo unahamia kwenye misuli. Mwaka 2014 daktari mmoja wa upasuaji wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alikokotoa kwa mfano wa kompyuta kwamba shingo iliyoinama nyuzi 60 hubeba nguvu inayokaribia kilo 27. Hiyo ni hesabu ya mfano, haikupimwa kwenye shingo ya mtu aliye hai, lakini inaeleza vizuri anachokihisi fundi cherehani aliyeinamia gauni la harusi tangu asubuhi. Mwongeze karani, mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa na mtihani, mama anayenyonyesha huku akimtazama mwanawe, dereva wa bodaboda aliyekunja mabega chini ya kofia nzito. Wote hawa shingo zao hushinda zimetangulia mbele ya vifua vyao.

Maumivu ya kichwa ni ya aina nyingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba yaliwasumbua takriban asilimia 40 ya watu wote duniani mwaka 2021, yaani watu bilioni 3.1. Hapa tutashughulika na aina mbili. Ya kwanza ni maumivu ya mkazo, ambayo hubana pande zote mbili za kichwa, hayapigi, na kwa kawaida hayamlazi mtu kitandani. Haya ndiyo ya wengi. Ya pili ni kipandauso. Mara nyingi kipandauso hushika upande mmoja, hugonga kwa mapigo, huja na kichefuchefu, na humfanya mtu aukimbie mwanga na kelele. Kisipotibiwa huweza kudumu muda wa saa 4 hadi 72. Wengine, kabla hakijaanza, huona vimulimuli au mistari inayomeremeta. Wanawake wanaokipata ni takriban mara tatu ya wanaume, kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya kupanda na kushuka kwa homoni, na mara nyingi hutembea katika ukoo.

Nataka niliseme hili waziwazi, kwa sababu nimeona watu wakiumizwa nalo: kipandauso ni ugonjwa wa ubongo na neva. Anayeugua hajidekezi, haogopi kazi, wala hana “mawazo” tu. Anayemfungia mlango wa chumba chenye giza na kuwanyamazisha watoto anamtibu. Anayemwambia ajikaze anamzidishia.

Kwetu dawa ya kichwa hununuliwa duka la mtaani pamoja na sukari na kiberiti, kidonge kimoja au viwili, bila swali. Ikitumiwa mara mojamoja haina neno. Tatizo huanza pale mazoea yanapozidi. Mwenye maradhi ya kichwa anayemeza dawa za kawaida za maumivu, kama parasetamoli au ibuprofeni, siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, anaweza kupata maumivu yanayoletwa na dawa zenyewe. Kwa dawa za mchanganyiko, kwa zenye kodeini, na kwa triptani zinazotibu kipandauso, mpaka ni siku 10 kwa mwezi. Mtu huamka kichwa kikimwanga kwa sababu dawa ya jana imekwisha mwilini. Anameza nyingine, anapata nafuu hadi jioni, na kesho inakuwa vilevile. Ukiona hesabu yako imefika huko, zungumza na daktari juu ya namna ya kupunguza. Kwa mtu wa namna hii, mazoezi ya mwili yanayopunguza idadi ya siku za maumivu ni msaada mkubwa, kwa sababu yanampunguzia pia sababu za kwenda dukani.

Lakini kuna vichwa ambavyo havihitaji mkeka, vinahitaji hospitali. Kichwa kinachouma pamoja na homa, katika nchi zetu, kipimwe malaria siku hiyohiyo. Homa ikiwa na shingo ngumu isiyokubali kuinama, au mtu akichanganyikiwa, huenda ni homa ya uti wa mgongo, na hapo hakuna kungoja. Maumivu makali yaliyolipuka ghafla na kufikia kilele ndani ya dakika moja. Maumivu baada ya kuanguka au kugongwa. Maumivu yanayoambatana na mkono kulegea, mdomo kupinda, ulimi kuwa mzito au macho kuona mawili. Kichwa kipya kwa mtu aliyepita miaka 50. Kichwa kipya kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI: yote haya ni ya daktari. Mjamzito aliyevuka wiki ya 20 ambaye kichwa kinamuuma sana, hasa akiona ukungu machoni au akivimba uso na mikono, apimwe presha mara moja, maana hiyo yaweza kuwa dalili inayotangulia kifafa cha mimba. Mwalimu wa yoga asiyejua mambo haya asikubali kushika kichwa cha mtu.

Mkondo wa yoga nitakaoufuata hapa ni wa B.K.S. Iyengar. Alizaliwa mwaka 1918 katika kijiji cha Bellur, Karnataka, kusini mwa India, mama yake akiugua homa ya mafua iliyokuwa ikiua watu dunia nzima. Utotoni aliugua malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Alijifunza yoga mjini Mysore kwa shemeji yake, T. Krishnamacharya, na mwaka 1937, akiwa kijana wa miaka 18, alipelekwa Pune kufundisha. Alibaki huko hadi alipofariki mwaka 2014, akiwa na miaka 95. Kitabu chake kikuu, *Light on Yoga*, kilitoka mwaka 1966, na picha zake za mikao migumu ziliwatisha wengi. Mimi namheshimu zaidi kwa kazi nyingine. Wagonjwa walipomjia na miili isiyoweza kukunjika, alianza kutafuta vitu vya kuwaegemeza: vipande vya mbao, mikanda, viti, mablanketi yaliyokunjwa, magodoro madogo, kamba zilizofungwa ukutani. Kwa wenye kuumwa kichwa, walimu wa mkondo wake wana desturi ya kuzungusha bendeji laini ya pamba kichwani hadi juu ya macho, bila kukaza, kisha kumlaza mtu au kumwinamisha huku paji la uso likiwa limepata mahali pa kupumzika.

Hapo ndipo panapotofautisha yoga hii na ile ya kujipinda. Kichwa kinachouma kinataka egemeo. Kukivuta, kukizungusha kwa nguvu au kukigeuza juu chini ni kuongeza kazi kwa misuli ambayo tayari imechoka kukibeba.

Ushahidi wa vipimo upo, ingawa bado ni mchanga. Jaribio ninalolitegemea zaidi lilifanywa katika hospitali kubwa ya ufundishaji ya AIIMS, New Delhi, na kuchapishwa mwaka 2020 katika jarida la *Neurology*. Watu 160 wenye kipandauso, wa umri wa miaka 18 hadi 50, waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilitumia dawa peke yake. Kundi la pili lilitumia dawa na yoga: mwezi wa kwanza saa moja mbele ya mwalimu, siku tatu kwa wiki, kisha miezi miwili nyumbani, siku tano kwa wiki. Waliomaliza walikuwa 114. Katika kundi la yoga, mashambulizi yalishuka kutoka wastani wa 9.1 kwa mwezi hadi 4.7. Katika kundi la dawa pekee yalishuka kutoka 7.7 hadi 6.8. Vidonge walivyomeza wanayoga vilipungua kwa karibu nusu.

Soma takwimu hizo kwa makini kabla ya kufurahi. Yoga haikuchukua nafasi ya dawa; iliongezwa juu yake. Kila mtu alijua yuko kundi gani, kwa kuwa haiwezekani kumfanyisha mtu yoga asijue, na kuangaliwa na mwalimu kwa saa moja kuna faida zake hata pasipo mkao wowote. Tena mwaka huohuo watafiti wa Ujerumani walikusanya majaribio matano ya awali yenye wagonjwa 240. Waliona nafuu kwa wenye maumivu ya mkazo, ila kwa kipandauso hawakupata tofauti ya kutosha. Mimi nachukua haya kwa pamoja: mwenye maumivu ya mkazo ana sababu nzuri ya kujaribu, na mwenye kipandauso ajaribu huku akiendelea na dawa alizoandikiwa.

Sasa tuje kwenye mkeka. Mkeka wa ukili unatosha, juu yake blanketi. Tafuta kiti imara kisichoteleza, mito miwili, khanga mbili na ukuta usio na kitu. Chagua saa ambayo unaweza kuipata kila siku, hata kama ni dakika 20 kabla ya watu wa nyumbani kuamka.

Anza kwa kukaa kitini, nyayo zote mbili chini. Vuta pumzi ukipandisha mabega hadi karibu na masikio. Itoe ukiyaachia yashuke yenyewe. Rudia mpaka uhisi mabega yamekuwa mazito. Kisha jikumbatie, mkono wa kulia juu ya wa kushoto, vidole vikitafuta mabega, na uinue viwiko kidogo kuelekea mbele. Utahisi uwazi kati ya mabapa ya mgongoni, sehemu ambayo wengi hawaikumbuki hadi iume. Kaa hapo kwa pumzi tano, badilisha mkono wa juu, kaa tena.

Shuka uende magoti na viganja, mkao wa paka. Ukitoa pumzi, viringa mgongo kuelekea juu na uache kichwa kining’inie. Ukivuta, shusha tumbo na ufungue kifua, lakini macho yabaki yakitazama sakafu. Watu wengi hapa hutupa kichwa nyuma kwa bidii, na kwa kufanya hivyo huiminya misuli ileile ya kisogo tunayotaka kuilegeza. Nenda polepole kama pumzi yako inavyokwenda.

Simama uuelekee ukuta, weka viganja usawa wa nyonga, rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kiwiliwili kilale sambamba na sakafu, miguu chini ya nyonga, masikio kati ya mikono. Magoti yakigoma yakunje. Sukuma ukuta kwa viganja na urudishe nyonga nyuma. Huu ni mkao wa mbwa kwa mtu asiyetaka kuweka uzito mikononi, na kwa aliyeshinda ofisini ndio ninaoupenda kuliko yote.

Halafu lala chali. Khanga moja ikunje kwa urefu, iwe nene kiasi cha vidole vitatu, uipitishe mgongoni chini ya mabapa ya mabega. Khanga ya pili ikunje iwe bapa na uiweke chini ya kisogo, ili kidevu kisiinuke juu kuliko paji la uso. Tandaza mikono pembeni, viganja juu. Sasa kazi yote ni ya kifua kufunguka kwa uzito wake. Baada ya dakika tatu hivi ondoa khanga ya mgongoni, pandisha miguu ya chini juu ya kiti, magoti yamekunjwa, funika macho kwa kitambaa, ukae hapo dakika 10. Usiiruke sehemu hii. Wenye haraka huiruka, nao ndio wenye kuihitaji.

Ukiwa umelala hivyo, ishughulikie pumzi. Vuta kwa puani kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6, bila kubana katikati. Ukihesabu kwa sekunde itakuwa pumzi 6 kwa dakika. Pumzi inapotoka taratibu mapigo ya moyo hupungua kidogo, kwa sababu upande wa mfumo wa neva unaotuliza mwili hupata nafasi, na misuli hulegea nayo. Kuna pia Bhramari, pumzi ya kuvuma: unafumba midomo, meno yakiwa yameachana, na kutoa pumzi kwa sauti nzito ya “mmm” mpaka iishe. Mwaka 2002 watafiti wa Stockholm waligundua kwamba kuvuma huongeza gesi ya naitriki oksaidi inayotoka puani mara 15 ukilinganisha na kutoa pumzi kimya, kwa sababu mtikisiko hupitisha hewa kwenye uwazi wa mifupa ya uso. Kwangu faida kubwa ya Bhramari ni taya. Huwezi kuvuma vizuri huku umekaza meno, na wapo wengi wanaosaga meno usiku kucha wakaamka panja zikiwauma bila kujua kwa nini.

Usifanye kusimama kwa kichwa wala kwa mabega ukijifunza peke yako kwenye kitabu, hiki au kingine chochote. Mikao hiyo huweka uzito juu ya shingo, na haimfai mwenye presha ya juu ya damu wala mwenye presha ya macho. Kuzungusha kichwa duara kamili, jambo linalofanywa sana kwenye mazoezi ya shuleni, nako sikupendi. Shingo igeuzwe kulia na kushoto kwa upole, inatosha.

Siku ya maumivu yenyewe, utaratibu ni mwingine kabisa. Kama ni kichwa cha mkazo, kaa ukielekea kiti au ukingo wa kitanda, weka mto, lalia paji la uso juu ya mikono iliyokunjwa, ngozi ya paji ikishuka kuelekea pua. Zima taa. Toa pumzi ndefu. Ukikaa hapo dakika 10 na shingo ikaanza kulegea, lala chali miguu ikiwa juu ya kiti. Kama ni kipandauso, meza dawa yako mapema kama ulivyoelekezwa, kwa kuwa ikichelewa hufanya kazi kidogo, kisha ingia chumba chenye giza. Kujongea kwenyewe huzidisha kipandauso, kwa hiyo usilazimishe mkao wowote. Kulala ubavu na kuhesabu pumzi kunatosha. Usiinamishe kichwa chini ya moyo, usifanye pumzi za kasi, usishike pumzi.

Nimeulizwa mara nyingi, Mombasa na Unguja hasa, kama Mwislamu au Mkristo anaruhusiwa kufanya haya. Ni swali la haki, kwani yoga imetoka katika mapokeo ya dini za India na baadhi ya madarasa yana nyimbo na sala. Maoni hayakuwa mamoja: Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia liliipinga mwaka 2008, na Saudi Arabia iliiruhusu kuwa shughuli ya michezo mwaka 2017. Niliyoyaeleza hapa ni mwili, egemeo na pumzi, hayana neno la ibada ndani yake. Ambaye moyo wake bado hautulii amuulize shehe au mchungaji wake, na akiona ni vema, ayafanye mazoezi hayahaya akiyaita mazoezi ya shingo.

Mambo mengine niyataje kwa ufupi, kwani msomaji mwenye kuumwa kichwa anayajua: kulala na kuamka saa zilezile, kutoruka mlo, kunywa maji, kutozidisha kahawa Jumatatu na kuiacha ghafla Jumamosi, kupima macho unapokaribia miaka 40 na herufi zinaanza kukukimbia. Kwa mwenye kipandauso, kuvunjika kwa ratiba yoyote kati ya hizi kunaweza kuwa ndiyo sababu ya shambulio la kesho.

Nunua daftari dogo. Kila jioni andika kama kichwa kiliuma, kwa muda gani, ulimeza nini, ulifanya mazoezi au la. Wanawake waongeze siku za hedhi. Fanya mwezi mmoja kabla hujaanza, ili upate kianzio, kisha endelea kwa miezi mitatu ya mazoezi, siku tano kwa wiki. Kumbukumbu ya mtu anayeumwa humdanganya pande zote mbili: wiki mbaya hufuta mwezi mzuri, na wiki nzuri hufuta mwezi mbaya. Mwisho wa miezi hiyo hesabu siku na vidonge. Zikiwa zimepungua, endelea, na usiache kwa kuwa umepona. Zikibaki vilevile au zikiongezeka, lipeleke daftari hilo kliniki ukamwonyeshe daktari ukurasa kwa ukurasa. Zipo dawa za kuzuia kipandauso zinazomezwa kila siku, na kabla ya kukuandikia, jambo la kwanza atakalotaka kujua ni siku ngapi kwa mwezi kichwa kinakuuma.